Wamekufa wanne tangu asubuhi: namna ya kumjibu mfugaji mgeni kwenye kundi

Ujumbe wenyewe huwa hivi, na mara nyingi huingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku: "Habari za usiku wadau. Vifaranga wangu wamekufa wanne tangu asubuhi. Nitumie dawa gani?" Hakuna umri wa vifaranga, hakuna idadi, hakuna picha. Majibu yanaanza kushuka. Mmoja anataja antibayotiki, wa pili anataja nyingine. Wa tatu anaandika "hicho ni kideri, pole sana", yaani ule ugonjwa wa virusi unaoitwa pia mdondo au Newcastle. Wa nne anaweka vikatuni vya kucheka na kusema watu wanakurupukia ufugaji bila kusoma. Wa tano anamwambia aje inbox. Baada ya saa moja kundi limeshahamia kwenye bei ya chakula, na aliyeuliza yuko bandani na tochi ya simu, ana majina mawili ya dawa na hajui ashike lipi.

Mwongozo huu ni kwa sisi tuliokwisha kukaa kwenye makundi haya ya WhatsApp, tuliozika kuku na tuliouza kuku. Wanaofuga samaki, wanaolima matikiti au wanaotengeneza simu watakuta mengi yanawahusu, lakini nitabaki kwenye kuku kwa sababu huku jibu baya huhesabika asubuhi mlango wa banda unapofunguliwa.

Hatua ya 1: Angalia kama kuna kuku anakufa

Maswali ya wageni ni ya aina mbili na hayajibiwi kwa mwendo mmoja. "Kuku anaweza kutaga bila jogoo?" linaweza kusubiri hadi umalize kula. Jibu lake ni mstari mmoja: ndiyo, anataga kama kawaida, ila yai hilo halitatoa kifaranga. Usimcheke. Aliyekulia kijijini, ambako majike na jogoo hushinda pamoja uani, hajawahi kumwona kuku anayetaga peke yake, kwa hiyo swali lake lina akili kabisa. Vivyo hivyo kwa anayeuliza mayai yanaangua baada ya siku ngapi (21), au kwa nini kuku wake wa mayai wa wiki 15 bado hawatagi (wengi huanza wiki ya 18 hadi 20).

Swali lenye kifo ndani yake ni jambo jingine. Hapo mpe kwanza la kufanya sasa hivi, kabla hujamhoji. Yapo manne yasiyomdhuru kuku yeyote, uwe umeshaujua ugonjwa au hujaujua: watenge wanaozubaa, wape wote maji safi, toa mizoga bandani, na usimchinje wala kumuuza yeyote mpaka ijulikane kuna nini. La tano ni kutopewa dawa yoyote mpya kwa dakika 20 zijazo. Mtu mwenye hofu akipata la kufanya kwa mikono, anatulia, na maelezo atakayokuletea baadaye yatakuwa ya kueleweka.

Hatua ya 2: Uliza yote kwa mkupuo mmoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wetu tunaporuka. Mgeni hakuficha umri wa vifaranga. Hajui tu kwamba umri ndio unaobadilisha jibu. Kwake kuku ni kuku na ugonjwa ni ugonjwa, na kwa kuwa duka la dawa ndilo mahali pekee anapojua pa kwenda, swali lake linatoka likiwa "dawa gani". Ukimjibu hivyo hivyo alivyouliza umemwacha palepale.

Usimtolee maswali kama matone, moja sasa na jingine baada ya robo saa, huku watu 200 wakiingiza ya kwao katikati. Mwandikie yote pamoja, na uyaandike kama jibu (reply) la ujumbe wake ili yasipotee:

"Pole sana ndugu yangu. Fanya hayo niliyokuandikia, kisha tuambie: (1) wana umri wa siku au wiki ngapi, na ni wa nyama, wa mayai, chotara au kienyeji, (2) walikuwa wangapi, wamekufa wangapi, kuanzia lini, (3) wamepata chanjo gani na tarehe ngapi, (4) kinyesi kina rangi gani, (5) joto unawapa kwa kitu gani, na usiku huu wamekaaje, wamerundikana au wametawanyika, (6) wanakula chakula gani, (7) umeshawapa dawa gani. Tuma picha ya kinyesi kwenye karatasi nyeupe, na video fupi ya banda zima bila kuwashtua."

Hilo la saba liulize kwa upole, kwa sababu wengi wamekwisha kuwapa kitu na wanaona aibu kusema. Hilo la pili hubadilisha uzito wote: wanne kati ya 300 siku ya kwanza baada ya safari ndefu ya basi si sawa na wanne kati ya 20 wa wiki ya nne. Na video usiichukulie kama pambo. Kuku anayehema kwa mdomo wazi, mwenye mbawa zilizoshuka, au anayezunguka shingo imepinda, anaonekana kwa sekunde kumi, wakati mwenyewe angeandika tu "wamepoa".

Picha ya kinyesi nayo itakuokolea muda mwingi. Kuku mzima hutoa, mara chache kwa siku, kinyesi laini cha kahawia, kinachonata na kunuka vibaya kuliko kile cha kawaida chenye nyeupe juu. Wageni wengi wakikiona hicho wanadhani ni kuhara, wanakimbilia dawa, na kuku hakuwa na tatizo lolote.

Chagua pia namna ya kumwita. Wastaafu wengi huingia kwenye kuku baada ya kupata kiinua mgongo, na huyo unayemwambia "soma kwanza kijana" anaweza kuwa rika la mama yako. Kama humjui, "ndugu yangu" inatosha. Akiitwa Mama Fulani kwenye kundi, mwite mama.

Hatua ya 3: Jibu kwa kipimo na kwa sababu

Tuseme majibu yamerudi: vifaranga wana siku 4, walikuwa 100, wamekufa wanne, kinyesi ni cha kawaida, taa ya umeme ni moja, na kwenye video wamerundikana chini yake wakilia. Hapo jambo la kwanza kushuku ni baridi. Jibu la kivivu ni "waongezee joto". Jibu linalosaidia ni hili:

"Asante kwa video, imesaidia sana. Hawa naona wana baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, ukipima usawa wa mgongo wao, si darini. Kama huna kipimajoto, watazame wenyewe: wakirundikana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia pembeni wakiachama midomo ni joto limezidi, wakibanana upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili, wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala, hapo pamekaa sawa. Usiku huu punguza eneo kwa maboksi, ongeza taa ya pili, ziba upepo wa chini, lakini acha hewa ipite juu. Ukitumia jiko la mkaa, liwake liive nje kwanza na usifunge banda lote, maana moshi wake usioonekana unaua vifaranga na unaua na mtu. Kila wiki shusha kama nyuzi 3 mpaka waote manyoya. Dawa usiwape."

Ni refu, ndiyo. Lakini amepata kipimo, amepata njia ya kujikagua mwenyewe saa nane usiku wakati sisi tumelala, na amejua kwa nini. Wiki ijayo wakibanana tena hatauliza, atanyanyuka azibe upepo. Mimi naamini hiki ndicho kigezo cha jibu zuri: mgeni anaweza kulitumia mara ya pili bila wewe.

Chanjo ndiyo mfano mwingine. Akiuliza "chanjo wanapewa lini?", wengi humrushia ratiba inayofuatwa na wafugaji wengi: kideri siku ya 7, gumboro (ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku) siku ya 14, kideri tena siku ya 21, halafu basi. Ratiba ni nzuri, lakini haielezi yanayoharibu kazi. Chanjo ya kwenye maji ina virusi hai, na klorini ya maji ya bomba inaviua kabla havijafika kwa kuku. Kwa hiyo mwambie atumie maji ya mvua au ya kisima safi, au maji ya bomba yaliyolala wazi usiku kucha. Aongeze maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama gramu 2.5 kwa lita. Awanyime maji saa moja hadi mbili ili wawe na kiu. Vyombo visioshwe kwa sabuni wala dawa siku hiyo. Na maji yenye chanjo yaishe ndani ya saa mbili. Mwambie pia aibebe kwenye barafu kutoka dukani, si kwenye mfuko wa suruali akiwa juu ya bodaboda. Anayechanja siku ya 7 kwa maji ya bomba moja kwa moja anaamini amechanja. Akipoteza kuku wiki ya tano atawaambia jirani zake wote kwamba chanjo ni uongo, na huwezi kumlaumu.

Kwa mwenye kuku 15 wa kienyeji wanaozurura, usimpe ratiba ya banda la kibiashara. Mtajie I-2, chanjo ya kideri ya tone moja jichoni, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini na inayotengenezwa hapa Tanzania na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Inavumilia joto kuliko nyingine ingawa haipendi jua, kuku wa umri wote hupata tone lilelile, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4 kama lebo inavyosema. Mtahadharishe kwamba ni kinga ya kuku wazima. Kideri kikishaingia bandani tone halimponyi mgonjwa.

Hatua ya 4: Kwenye dawa, usitoe dozi kutoka kichwani

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kundini ndiko linakovunjwa kila siku. Unga uleule hutengenezwa na viwanda mbalimbali kwa nguvu tofauti. "Kijiko kimoja kwa lita tano" iliyokufaa wewe inaweza kuwa sumu au kuwa maji matupu kwa mwenzako. Taja aina ya dawa kama una uhakika na ugonjwa, kisha sema: tuma picha ya lebo, tusome pamoja. Mkisoma pamoja amejifunza kusoma lebo, nalo ni somo litakalomfaa kuliko jina la dawa.

Kideri, gumboro na ndui ni virusi, na antibayotiki haiviui. Wakati mwingine mtaalamu huitoa kuzuia maradhi mengine yanayodandia, lakini mgeni asiambiwe kwamba hiyo ndiyo tiba. Koksidia nayo, ile ya kinyesi chenye damu inayopenda vifaranga wa wiki 3 hadi 6 kwenye maranda yaliyolowa, si virusi wala bakteria, na ina dawa zake kama amproliamu. Ukitaja ugonjwa, taja na majina yake yote: kideri, mdondo, Newcastle. Mgeni aliyelisikia jina moja dukani na jingine kwako atanunua dawa za magonjwa matatu.

Ukimwambia dawa, mwambie na siku za kusubiri kabla mayai au nyama havijaliwa. Zimeandikwa kwenye lebo. Wateja wake hawako kwenye kundi kujitetea.

Kuna na suala la shubiri, muarobaini, pilipili na kitunguu saumu. Mgeni akisema bibi yake alitumia shubiri, usimkejeli bibi yake. Mwambie kwa adabu kwamba kwa kideri shubiri haizuii vifo, kwamba chanjo inazuia, na uliache hapo. Akidharauliwa, ataendelea na shubiri na ataacha kuuliza.

Hatua ya 5: Acha "pandisha juu", acha "njoo inbox"

"Swali hili limeshajibiwa, pandisha juu." Pandisha wapi? Aliyeingizwa jana kwenye kundi la WhatsApp kwa kawaida haoni yaliyojadiliwa kabla yake. Kwake kundi limeanza jana. Na hata anayeyaona atatafuta kwa neno gani, kama hajui kwamba anachokiona kinaitwa koksidia? Tukichoka kurudia, na kuchoka ni halali kabisa, dawa yake ni kuandika jibu vizuri mara moja na kulihifadhi kwenye simu. Mimi ninayo manne: joto la vifaranga, maji ya chanjo, orodha ya maswali saba, na namna ya kuzika mizoga. Swali likija, ninalibandika jibu na kuongeza juu yake mstari mmoja unaomhusu mwenyewe, "ndugu yangu, kwa hao wako wa siku tisa anzia namba 3". Mstari huo mmoja ndio unaomfanya asome yaliyobaki.

"Njoo inbox" inaniudhi zaidi. Wapo wanaoisema kwa nia njema, ili kundi lisijae. Wengi huko wanauza, na mtu aliyepoteza vifaranga 30 leo atanunua chochote. Hata muuzaji mwaminifu akikosea inbox hakuna wa kumsahihisha, na wengine 50 wenye tatizo hilohilo waliokuwa wanasoma kimyakimya wanabaki hivyohivyo. Jibu hadharani. Kama unauza dawa au vifaranga, sema, "mimi nauza hii, lakini unaipata duka lolote la dawa za mifugo". Hakuna aliyekosa wateja kwa kusema hivyo.

Kwa wenye kuongoza kundi: bandikeni juu ya kundi (pin) ujumbe mmoja wenye yale maswali saba, na mkumbuke kuubandika upya, kwa kuwa hudumu siku 30 tu hata ukichagua muda mrefu kabisa.

Hatua ya 6: Mwenzako akikosea, msahihishe bila kumtoa nje

Mgeni anasoma majibu yote na hana mizani ya kuyapima. Ukinyamazia jibu baya la mkongwe mwenzako kwa heshima, kuku ndio wanaolipa. Ukimshambulia, mnaanza kubishana nyinyi wawili na mgeni anasahaulika. Njia iliyo salama ni kumwelekea mgeni na kutaja sababu: "Kaka yangu hapo juu amesema umpe antibayotiki. Mimi ningesubiri, kwa sababu vifaranga wana siku 4 na video inaonyesha baridi. Kaka, kuna dalili uliyoiona ambayo mimi sikuiona?" Swali la mwisho liwe la kweli. Mara nyingine ameiona.

Waliokuja kucheka, wapite. Admini awaandikie pembeni.

Hatua ya 7: Jua pa kuachia

Kuna hali ambazo kundi halina kazi nazo tena: kuku wengi kufa kwa siku moja au mbili, vifo kuenea kwa majirani, kuharisha kijani pamoja na shingo kupinda, au kuku wakubwa kuanguka bila dalili. Sema wazi kwamba hapo anahitaji bwana mifugo wa kata au daktari wa mifugo, na mzoga uliokufa punde uchunguzwe. Kwa mfugaji wa Kenya, agroveti (duka la pembejeo na dawa za mifugo) ya karibu itamwelekeza kwa daktari wa mifugo wa eneo lake. "Sijui, hili limenipita" iandikwe bila aibu. Ikiandikwa na mzoefu, inawapa na wengine ruhusa ya kuacha kubahatisha.

Ongeza mambo ya jirani: mizoga ichomwe au izikwe kwa kina ambacho mbwa hatafukua, isitupwe mtaroni, asimkaribishe mtu bandani, na wale wanaoonekana wazima wasipelekwe mnadani. Mgeni aliyekopa mtaji atashawishika kuwauza haraka. Mweleze kwamba kuku aliyebeba kideri huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, na akifika sokoni amekipeleka kwenye mabanda asiyoyajua.

Hatua ya 8: Rudi kesho yake

Asubuhi muulize: "Wameamkaje?" Kwanza, utajua kama ulipatia. Hatuna namna nyingine ya kujua, kwa sababu wageni wengi hupokea ushauri, hushukuru na kupotea, na sisi tunaendelea kutoa ushauri uleule kwa miaka bila kuona matokeo yake. Pili, hali huwa imebadilika: baridi imeisha lakini maranda yamelowa, au taa ya pili imeunguza kona.

Mambo yakitulia, mwombe aandike kwa maneno yake mwenyewe kilichotokea: umri, idadi, alichokiona, alichokifanya, waliobaki wangapi. Mistari mitano inatosha. Maelezo ya mgeni kwa mgeni yanaeleweka kuliko yetu, kwa kuwa bado anakumbuka kile ambacho hakukijua. Mwenye kundi ayahifadhi pamoja na yale majibu ya kubandika, na usiku mwingine mtu akiandika "Habari wadau, nitumie dawa gani?", mwachieni huyohuyo wa juzi aanze kumuuliza wana siku ngapi.